Kukaza na kuchonga uso kwa mawimbi ya redio: madhara, hatari na namna ya kujilinda hatua kwa hatua

Mashine za mawimbi ya redio, ambazo kliniki na saluni huziita kwa kifupi RF, huuzwa kwa ahadi tatu: kukaza ngozi ya mashavu, kuurudisha mstari wa taya na kupunguza kidevu cha pili, yote bila kisu. Kwa mtu anayefaa, ahadi hizo hutimia kwa kiasi. Lakini kazi yote inafanywa na joto, na joto linalokaza ngozi limepakana na joto linaloiunguza. Madhara mengi huwa yameshaamuliwa kabla mashine haijawashwa: nani amelala kitandani, nani ameshika mashine, na nini hakikuulizwa. Kwa hiyo maandalizi yamepewa nafasi kubwa hapa kuliko tiba yenyewe.

Joto linavyofanya kazi

Mashine hupitisha mkondo wa umeme unaogeuza mwelekeo mamilioni ya mara kwa sekunde. Ngozi na mafuta huukinza mkondo huo, na ukinzani unageuka joto. Nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, husinyaa zikifikia takriban nyuzi joto 60 hadi 65, kwa muda mfupi sana na katika sehemu ndogondogo za ndani. Kwa mashine zinazopita juu ya ngozi bila kuipoza, fundi mwangalifu huuweka uso wa ngozi kati ya nyuzi 40 na 42. Seli za mafuta zikikaa dakika kadhaa kwenye nyuzi 43 hadi 45 huanza kufa taratibu. Chini ya kidevu hilo ndilo linalotafutwa. Kwenye shavu la mtu mwembamba ni hasara.

Jambo la kuzingatia ni kwamba joto huhesabiwa pamoja na muda. Watafiti Moritz na Henriques walionyesha mwaka 1947 kwamba ngozi iliyoshikiliwa kwenye nyuzi 44 huchukua karibu saa sita kuungua, na kila nyuzi moja inayoongezeka hukata muda huo kwa karibu nusu. Kwenye nyuzi 60 zinatosha sekunde chache. Ndiyo maana kichwa cha mashine kilichosimama mahali pamoja huunguza hata kama nguvu haijaongezwa.

Hatua ya 1: Jua unawekewa mashine ya aina gani

"RF" ni jina la ukoo mzima, na hatari hazilingani. Uliza swali hili mapema, hata kwa simu.

Aina ya ncha moja hupitisha mkondo kutoka kichwa cha mashine hadi bamba linalobandikwa mgongoni au tumboni. Joto lake huenda chini sana, kwa hiyo hatari yake kubwa ni kuungua na kupoteza mafuta. Aina ya ncha mbili au zaidi huuzungusha mkondo kati ya ncha zenyewe, haiendi mbali, na madhara yake kwa kawaida ni madogo. Aina ya sindano hupenyeza sindano nyembamba milimita 0.5 hadi 4 kisha joto hutolewa ndani: hapa unaongeza uambukizo, madoa na makovu ya mistari. Aina ya nne huingiza mrija mwembamba chini ya ngozi kupitia tundu dogo. Hiyo ni upasuaji mdogo hata kama tangazo linasema "bila upasuaji", na ndiyo iliyo karibu zaidi na mishipa ya fahamu (neva) ya uso.

Tarehe 15 Oktoba 2025 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu aina ya sindano baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta, kuharibika kwa sura na kuumia kwa neva, baadhi zikihitaji upasuaji wa kurekebisha. Ilisisitiza kuwa hii ni tiba ya kitabibu, si ya kujifanyia nyumbani. Kama kifaa cha sindano kinauzwa mtandaoni kwa matumizi ya nyumbani, kiache hukohuko.

Hatua ya 2: Jichuje mwenyewe kabla ya kuchujwa

Usifanyiwe kabisa kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifaa cha kushtua moyo au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio. Mkondo unaweza kuvivuruga. Mjamzito asubiri. Mwenye lupasi, skleroderma au ugonjwa mwingine unaoshambulia ngozi, pamoja na mwenye kisukari kisichodhibitiwa, aamuliwe na daktari wake na si na mhudumu wa saluni.

Chuma mwilini kina hesabu yake. Bamba au skrubu za taya zikiwa chini ya eneo linalotibiwa, usikubali. Chuma kilicho mbali, kama nyonga bandia, si kizuizi cha moja kwa moja, lakini kwa mashine ya ncha moja bamba libandikwe mahali ambapo njia ya mkondo haipiti kwenye chuma hicho. Nyuzi za dhahabu zilizowahi kupachikwa usoni zitajwe, hata kama ni za miaka mingi. Waya za meno hazizuii kila mara, ila huuma midomo inapopashwa moto. Pamba kavu au shashi kati ya mdomo na meno husaidia.

Kama uliwekewa fila, yaani sindano ya kujaza uso, subiri angalau wiki mbili hadi nne, na mwambie fundi ilipowekwa. Kwa Botox, sindano ya kulegeza misuli ya mikunjo, wiki moja hadi mbili hutosha. Silikoni au fila nyingine ya kudumu ni sababu ya kukataa, kwa kuwa joto linaweza kuamsha uvimbe mgumu ambao hauyeyushwi kwa sindano.

Kwa anayemeza isotretinoini, dawa ya chunusi kali, madaktari wengi huendelea kutaka miezi sita ipite tangu aiache kabla ya sindano za RF. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda atavilia damu zaidi, lakini asiziache kwa ajili ya urembo bila ruhusa ya aliyemwandikia.

Sasa mkorogo. Hili huulizwa mara chache na hukanwa mara nyingi. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa vichochoroni huwa na steroidi kali kama klobetasoli, haidrokwinoni, au zebaki. Steroidi ikipakwa kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba, huonyesha vijishipa vyekundu na kuchelewesha kidonda kupona. Ngozi hiyo ikipewa kipimo cha ngozi ya kawaida huungua. Mwambie daktari ukweli wote, ikiwezekana nenda na kopo lenyewe. Usiiache ghafla kwa kujiamulia, maana ngozi iliyozoea steroidi hulipuka kwa wekundu, vipele na kuwasha; daktari wa ngozi atakupunguzia kwa mpangilio. Matibabu ya RF yaje ngozi ikishatulia, na hiyo huchukua miezi, si siku.

Mwisho, jitazame kwenye kioo bila huruma. RF hukaza ngozi iliyolegea kidogo hadi wastani. Uso mwembamba wenye mashavu yaliyobonyea tayari hautapendeza ukipunguziwa mafuta mengine, na ngozi inayoning'inia chini ya taya haitarudi juu kwa joto. Kliniki inayomkubali kila anayeingia mlangoni haichuji wateja.

Ngozi nyeusi: "haichagui rangi" ni nusu ya ukweli

Wauzaji husema RF haichagui rangi ya ngozi. Mwanga wa leza hunyonywa na melanini, rangi asilia ya ngozi, na ndiyo sababu leza nyingi ni hatari kwa ngozi za daraja la tano na la sita, zilizo nyeusi zaidi, kwenye kipimo cha rangi ya ngozi alichoanzisha daktari Fitzpatrick mwaka 1975. Mkondo wa RF hauitazami melanini. Hapo wauzaji wako sahihi.

Wanachonyamazia ni kinachofuata. Ngozi nyeusi iliyochokozwa, iwe kwa joto, sindano au mkwaruzo, hujibu kwa kumwaga rangi, na alama ambayo kwa Mzungu ingekuwa wekundu wa wiki moja kwako hubaki doa jeusi la miezi. Kwa aina ya sindano, uliza kama sindano zimefunikwa kwa kizuia umeme hadi karibu na ncha. Zilizofunikwa hutoa joto chini na kuiacha ngozi ya juu. Zisizofunikwa hupasha moto urefu wote, pamoja na tabaka lenye rangi. Mwenye melasma, madoa ya kahawia ya usoni, ajue kuwa joto peke yake linaweza kuikoleza.

Na keloidi. Kama kutoboa masikio, chanjo begani au chunusi za kidevu zimewahi kukuachia kovu linalovimba kupita kidonda, kaa mbali na sindano na mrija. Taya na eneo la masikio ni sehemu ambazo keloidi huzipenda. Wanaume wenye vipele vya ndevu watulize vipele kwanza: nywele huzuia kichwa cha mashine kugusa vizuri, na kipele kilichowaka ni kidonda tayari.

Hatua ya 3: Mkague mtu na mahali

Kenya, daktari awe na usajili wa KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Tanzania Bara, wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Vifaa tiba Tanzania husimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Omba jina kamili la mashine na mtengenezaji, kisha litafute mwenyewe. Mashine isiyo na kibandiko cha mtengenezaji, au yenye jina linalofanana na la kampuni maarufu kwa tofauti ya herufi moja, ni jibu tosha.

Uliza haya, na usikilize jinsi yanavyojibiwa kuliko unavyosikiliza matangazo:

- Ni nani hasa atakayeshika mashine, na daktari atakuwa jengoni wakati huo?
- Joto la ngozi linapimwaje wakati wa kazi?
- Kichwa cha mashine au sindano ni kipya, na kitafunguliwa mbele yangu?
- Nikiungua leo usiku, nampigia nani, na matibabu yanalipwa na nani?
- Wateja wa rangi yangu waliotibiwa miezi mitatu iliyopita wanaonekanaje leo?

Swali la kichwa kipya halina mjadala. Sindano zilizotumiwa kwa mtu mwingine zinaweza kupitisha virusi vya homa ya ini B na VVU. Kwa baadhi ya mashine za ncha moja, kichwa kina utando mwembamba uliohesabiwa idadi ya mapigo. Kikirudishwa kazini kinyemela utando huchakaa, mkondo hukusanyika kwenye mwatuko, na ngozi huungua kwa umbo la mwatuko huo.

Hatua ya 4: Jaribio dogo

Omba sehemu ndogo mbele ya sikio au chini ya taya ijaribiwe kwa nguvu ileile itakayotumika. Kwa RF ya juu ya ngozi, siku mbili zinatosha kuona malengelenge. Kwa sindano kwenye ngozi nyeusi subiri wiki nne, kwa sababu doa huchelewa kujitokeza. Kliniki nyingi hazipendi subira hii. Itake hivyohivyo.

Kama huota vidonda vya mdomo vya hepesi, sema mapema: joto huviamsha. Kwa kawaida daktari huandika asaikloviri au valasaikloviri kuanzia siku ya matibabu au siku moja kabla. Acha retinoli (krimu ya vitamini A) na krimu za tindikali siku tano hadi saba kabla, na usije na ngozi iliyochomwa na jua la ufukweni.

Hatua ya 5: Ukiwa kitandani

Siku hiyo usijipake mafuta wala vaselini mwilini. Hili linaonekana dogo, lakini bamba la mashine ya ncha moja halishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Ukingo wake ukibanduka, mkondo wote hurudi kupitia sehemu ndogo iliyobaki na kukuunguza mgongoni wakati kila mtu anatazama uso. Libandikwe lote, kwenye nyama, pakavu, pasipo nywele. Vua hereni, mkufu, kipini na saa.

Krimu ya ganzi hukaa dakika 30 hadi 60, kisha ifutwe yote. Isipakwe uso na shingo nzima kwa unene na kufunikwa nailoni bila kipimo. Lidokeini, dawa ya ganzi iliyomo, huingia kwenye damu ikizidi. Ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, midomo kufa ganzi au kizunguzungu ni ishara za kusimamisha kila kitu na kumwita daktari, kwani kinachoweza kufuata ni degedege.

Kwa RF ya juu ya ngozi, kataa sindano za ganzi na dawa ya usingizi. Maumivu yako ni kengele ya moto. Itifaki za mwanzo za ncha moja, mashine ya Thermage iliporuhusiwa Marekani mwaka 2002, zilitumia nguvu kubwa kwa mapito machache. Baadaye ikaonekana kuwa nguvu ndogo kwa mapito mengi, mgonjwa akitaja joto analosikia, hupunguza madhara. Kipimo kinachotumika ni 0 hadi 4, na lengo ni 2 hadi 2.5: moto unaovumilika. Ukifika 3, sema. Ukisikia mchomo wa ghafla kama cheche, sema "simama" papo hapo, usingoje mzunguko uishe.

Tazama pia mikono ya fundi. Kichwa kiguse ngozi kwa uso wake wote. Kikiinama na kushika kwa ukingo tu, mkondo hujikusanya hapo. Jeli iwe imeenea, na ikikauka iongezwe. Mkono usisimame. Kipimajoto cha kuelekeza kwenye ngozi ni kizuri, ila kina udhaifu: husoma juu tu. Kichwa chenye kupoza huweka ngozi baridi wakati chini panawaka, kwa hiyo namba ya 38 si ushahidi wa usalama.

Maeneo ya kupunguza nguvu au kuruka ni mbele ya koo juu ya tezi, paji la uso ambapo ngozi imelalia mfupa, na mistari miwili ya neva: kwenye panja, unapopita mshipa wa fahamu unaoinua nyusi, na ukingo wa taya karibu na mbele ya msuli wa kutafuna, unapopita ule unaoshusha mdomo wa chini. Kope hazitibiwi bila kinga ya plastiki iliyowekwa juu ya jicho chini ya kope. Ya chuma haifai kwa RF.

Hatua ya 6: Siku za kwanza

Baada ya RF ya juu ya ngozi, wekundu na joto huisha ndani ya saa chache hadi siku moja, na uvimbe mdogo ndani ya siku tatu hadi tano. Kwa sindano, tarajia vinukta vyenye mpangilio wa gridi, vigamba vidogo na ngozi kama msasa kwa siku tatu hadi saba. Kwa mrija, michubuko na uvimbe huweza kuchukua wiki mbili au zaidi.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, paka vaselini tupu au krimu isiyo na manukato, lala kichwa kikiwa juu. Hakuna mvuke, mazoezi ya gym wala jua kali kwa siku mbili hadi tatu, na vipodozi visubiri saa 24, au zaidi kama ni sindano. Kinga ya jua ni ya lazima kwa ngozi nyeusi pia. Yenye rangi, iliyo na oksidi ya chuma, ni bora kwa sababu huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Usibandue magamba.

Piga simu siku hiyohiyo ukiona malengelenge, ngozi iliyogeuka nyeupe au kijivu, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha, homa, jicho linalouma au kuona ukungu. Tabasamu likienda upande mmoja baada ya sindano ya ganzi linaweza kuwa ganzi yenyewe. Likiwa bado limepinda kesho yake asubuhi, hilo si ganzi.

Hatua ya 7: Ukiungua

Maji yanayotiririka, ya baridi ya kawaida ya bombani, kwa dakika 20. Hufaa hata kama saa tatu zimepita. Si barafu, kwa sababu huongeza jeraha. Si dawa ya meno, ute wa yai wala majivu. Baada ya hapo funika kwa shashi isiyoshikana na kidonda, au nailoni safi ya kufungia chakula, na umwone daktari. Lengelenge lisitobolewe nyumbani. Piga picha kila siku kwenye mwanga uleule, na uombe kliniki iandike nguvu iliyotumika, idadi ya mapito na kina cha sindano. Bila namba hizo daktari atakayekutibu anabahatisha. Usikubali "tupitishe tena kidogo ili kusawazisha".

Yanayojitokeza baadaye

Madoa meusi huonekana wiki ya pili hadi ya nne. Mengi hufifia kwa miezi mitatu hadi kumi na miwili yakilindwa na jua. Tindikali ya azelaiki husaidia na huvumilika. Retinoidi, krimu za jamii ya vitamini A, zingoje ngozi ifunge kabisa. Haidrokwinoni ina nafasi yake kwa muda mfupi na chini ya daktari, si kutoka kwenye kopo la dukani. Kurudi kwenye mkorogo kufuta doa la RF ni kuanza safari upya.

Mashimo ya mafuta ndiyo yanayowashangaza watu, kwa kuwa mwezi wa kwanza uvimbe huyaficha na uso huonekana mnono na kuvutia. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, shavu linabonyea, panja linazama au mstari wa wimbi unatokea. Sababu huwa mapito mengi mahali pamoja, sindano za kina kwenye uso mwembamba, au vipindi vilivyofuatana kwa haraka. Kolajeni mpya hujengwa kwa miezi miwili hadi sita, na sindano zinahitaji angalau wiki nne hadi sita kati ya kipindi na kipindi. Anayekuita tena wiki ya pili kwa sindano anauza vipindi. Shimo likitokea, acha RF yote, subiri hali itulie, mara nyingi miezi sita, kisha daktari wa upasuaji wa urembo ataamua kati ya fila inayoyeyushika na kupandikiza mafuta yako mwenyewe.

Nyusi iliyoshuka au mdomo wa chini usiokwenda sawa, mara nyingi hurudi ndani ya wiki hadi miezi mitatu, kwani neva imechokozwa tu. Ganzi ya ndewe na shavu la chini huwa na mkondo huohuo. Lakini daktari apime mapema na aandike kiwango cha udhaifu, ili wiki ya sita iwe na cha kulinganishwa nacho. Kope isiyofunga inahitaji matone ya machozi bandia mchana na mafuta ya macho usiku, kuanzia siku ya kwanza, kabla konea, utando angavu wa mbele ya jicho, haijakauka.